Kuhamishia Windows ya zamani kwenye kompyuta mpya: maswali ninayoulizwa na wateja wa Mtwara na Lindi

Kuanzia Agosti mpaka minada ya korosho inapofunguliwa Oktoba, meza yangu hapa Mtwara mjini hujaa kompyuta za zamani. Zinatoka Mikindani, Tandahimba, Newala na Masasi, nyingine zinakuja kutoka Lindi na Ruangwa zimepakatwa ndani ya basi safari nzima. Pembeni kuna boksi la kompyuta mpya ambalo gundi yake bado haijabanduliwa. Ombi huwa ni lile lile: "Fundi, nataka hii mpya iwe kama ile ya zamani, kila kitu kikae palepale."

Ombi hilo linawezekana mara nyingi kuliko watu wanavyoambiwa. Kinacholiharibu ni mtu kuifuta diski ya zamani kabla ile mpya haijafanya kazi hata wiki moja. Hilo nitalirudia humu mpaka unichoke, kwa sababu nimeona watu wazima wakilia kwenye benchi la duka langu kwa ajili yake.

Kwa nini nisitoe tu diski kwenye kompyuta ya zamani nikaichomeka kwenye mpya?

Unaweza kujaribu, na kwa Windows 10 au 11 kuna uwezekano mzuri ikawaka, ikazunguka dakika kadhaa ikitambua vifaa, kisha ikakubali. Kwa Windows 7 au XP, tegemea igome.

Sababu yenyewe ni hii. Windows inapowaka, kitu cha kwanza inachohitaji ni kuisoma diski ambayo yenyewe imelala juu yake. Ili kuisoma, lazima iwe na draiva, yaani programu ndogo ya kuendeshea kifaa, ya kile kidhibiti cha diski kilichopo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Siku ilipowekwa kwenye kompyuta ya zamani, Windows 7 iliangalia kidhibiti ilichokikuta, ikawasha draiva ya hicho, na nyingine ikaziacha zimezimwa. Leo unaipeleka kwenye mazabodi yenye kidhibiti kingine. Inaanza kuamka, inafika mahali pa kuifikia diski, mlango umebadilishwa kitasa na ufunguo ilionao ni wa ule wa zamani. Hapo ndipo inapotokea skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B.

Ukiiona namba hiyo, tulia. Haimaanishi kwamba mafaili yako yamepotea. Yapo, ila Windows imeshindwa kuyafikia. Usikubali mtu akwambie "hapa ni kupiga Windows upya tu" kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

Sasa hiyo skrini ya bluu inatibiwaje?

Anza na kilicho rahisi. Ingia BIOS ya kompyuta mpya, ile programu ya kwenye mazabodi inayoamka kabla ya Windows, tafuta mpangilio wa SATA, yaani wa kuunganisha diski. Utakuta chaguo kama IDE, AHCI au RAID, ambazo ni namna mazabodi inavyoongea na diski. Kama kompyuta ya zamani ilikuwa imewekewa Windows ikiwa kwenye IDE, na hii mpya bado inalo chaguo hilo, liweke na ujaribu kuwasha. Mara nyingi tiba huishia hapo. Kompyuta za miaka ya karibuni hazina tena IDE, kwa hiyo huna budi kuiandaa Windows kabla ya kuihamisha.

Kwa Windows 7 maandalizi yanafanyika kwenye rejista, lile daftari la ndani la mipangilio ya Windows, wakati bado iko kwenye kompyuta ya zamani: unaenda kwenye huduma inayoitwa msahci, thamani ya Start unaiweka 0. Maana yake unaiambia Windows iipakie draiva ya AHCI mapema kabisa inapowaka. Kwa Windows 10, weka iwake mara moja kwenye hali salama, hamisha, iache iwake hivyo hivyo kwenye kompyuta mpya, kisha irudishe kwenye hali ya kawaida. Ikiwa hali salama, inapakia draiva za msingi zote ilizonazo, na ikishapata inayofaa inaikumbuka.

Kuna njia pana zaidi, programu ya Sysprep ambayo imo ndani ya Windows yenyewe. Ukiiendesha na kuchagua kusahaulisha vifaa, Windows inatupa kumbukumbu za mazabodi ya zamani na itakapowaka tena inaanza kutambua vifaa kama vile imewekwa leo, huku programu na mafaili yako yakibaki. Naipenda, ila inaweza kugoma katikati na kuiacha Windows haiwaki popote. Kamwe usiiendeshe kwenye diski ambayo huna nakala yake kamili.

Jambo moja dogo ambalo watu wengi hawalijui: skrini hiyo ya bluu inaweza kutokea hata kwenye kompyuta ambayo hujaihamisha. Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu iliyo kwenye mazabodi, ikifa, BIOS inasahau mipangilio yake na kurudi ilivyotoka kiwandani. Kama ulikuwa IDE ikarudi AHCI, au kinyume chake, asubuhi unakuta bluu. Angalia saa ya kompyuta. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, nunua betri kwanza, rudisha mpangilio wa SATA, ndipo uanze kufikiria mengine.

Nianzie wapi kabla sijagusa kitu chochote?

Nakala. Kabla ya bisibisi, kabla ya flashi ya Windows, kabla hata ya kufungua boksi la kompyuta mpya.

Mama mmoja, katibu wa chama cha msingi huko kwenye uwanda wa Newala, alikuja kwangu kompyuta akiwa ameifunga kwenye kitenge. Nilipofungua ubavu wa kasha, ule udongo mwekundu wa kule ulikuwa umejaa kwenye feni mpaka mapanga yake hayatofautiani, na kapasita tatu kando ya prosesa zilikuwa zimevimba vichwa, moja imeanza kutoa uji wa kahawia. Nikamwambia, "Mama, hii haina siku nyingi." Akanishika mkono: "Mwanangu, hata ikifa, humo ndani mna wakulima wangu wote."

Orodha ya wanachama, kilo za kila mmoja, makato, malipo, misimu na misimu. Chama chake kilianza kuweka hesabu kwenye kompyuta miaka michache baada ya mfumo wa stakabadhi ghalani kuanza kwenye korosho mwaka 2007. Nakala ya pekee ilikuwa ndani ya lile kasha. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari hilo lilikuwa linaning'inia kwenye kapasita tatu zilizovimba.

Kwa hiyo jambo la kwanza halikuwa kuiwasha. Nilichomoa diski, nikaiunganisha kwa kebo ya USB kwenye kompyuta yangu, nikaangalia afya yake kwa CrystalDiskInfo, kisha nikatengeneza picha kamili ya diski nzima kwenye diski ya nje. Hapo ndipo nilipovuta pumzi. Kuanzia dakika ile, kosa lolote ambalo ningelifanya lilikuwa linarekebishika.

Wewe pia fanya hivyo. Kisha chukua karatasi, andika kila programu unayoitumia kwa kazi, nywila zake, namba zake za leseni, na jina la printa. Watu hukumbuka faili za Word na Excel. Wanachosahau ni barua pepe za Outlook, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na ile folda iliyowekwa moja kwa moja kwenye C na fundi wa mwaka juzi. Kwenye XP mafaili ya mtumiaji yako ndani ya Documents and Settings. Kuanzia Vista na Windows 7 yako ndani ya Users. Angalia akaunti zote, si yako tu.

Diski yangu inagonga "tak, tak". Niikloni, yaani niinakili yote kwenye diski nyingine?

Izime sasa hivi. Usiiwashe tena ili "tu kuangalia", na usiendeshe chkdsk, maana programu hiyo hurekebisha kwa kuandika juu ya diski, na diski inayokufa haitakiwi kuandikwa chochote. Diski ya namna hii inasomwa kwa programu ya ddrescue kutoka kwenye flashi ya Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Yenyewe husoma kwanza sehemu nzima, ikikuta pabovu inaruka, kisha inarudia pale palipobaki taratibu, na inaweka kumbukumbu ili ikikatizwa iendelee ilipoishia. Kama data ni ya thamani kubwa na mlio ni mkubwa, mpelekee mtu wa kuokoa data kabla hujajaribu lolote. Kila inapowashwa, vichwa vinaweza kukwangua zaidi.

Kompyuta yangu ya zamani haiwaki kabisa. Nimepoteza kila kitu?

La hasha. Kilichokufa mara nyingi ni pawasapulai au mazabodi, na diski ni nzima. Kwa wateja wa Shangani na wote walio karibu na bahari, mara nyingi nakuta hewa ya chumvi imeweka kutu ya kijani kwenye meno ya RAM. Nachomoa, nasugua meno kwa kifutio cha penseli, narudisha, inawaka. Jaribu hilo kabla ya kutoa hukumu. Ikiwaka, usianze kuitumia kama kawaida. Chukua nakala.

Kukloni kunachukua muda gani, na umeme ukikatika katikati?

Kebo ya USB 2.0 inapitisha takribani megabaiti 30 kwa sekunde. Diski ya GB 500 ikisomwa yote kwa mwendo huo ni saa nne na nusu na ushee. Clonezilla, programu ya kukloni diski, husoma sehemu zenye data tu, kwa hiyo kama umetumia GB 120 ni zaidi kidogo ya saa moja. Ukitumia USB 3.0 inashuka sana, na kikwazo kinabaki kuwa uzee wa diski yenyewe.

Umeme ukikatika wakati unakloni, diski ya zamani haidhuriki kwa sababu inasomwa tu, ila ile mpya inabaki nusu na unaanza upya. Mimi nafanya kazi hii kwenye laptopu yenye betri nzima, na diski ya nje isiyohitaji umeme wa ukutani. Kama huna laptopu, tafuta UPS. Hatari kubwa zaidi ya umeme iko kwenye macho yako: ukirudi kuanza upya ukiwa umechoka, ni rahisi kuchagua diski ya zamani kama ndiyo ya kuandikiwa. Clonezilla itakuuliza mara mbili. Soma jina la diski na ukubwa wake kwa sauti kabla ya kujibu y.

Diski ya zamani ni GB 500, SSD (diski mpya isiyozunguka) niliyonunua ni GB 240. Itaingia?

Inaingia ikiwa data yenyewe ni ndogo kuliko GB 240 na kuna nafasi ya kupumua. Clonezilla kwa kawaida hudai diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, kwa hiyo inabidi kwanza kupunguza sehemu ya C kutoka ndani ya Windows ili itoshe. Punguza baada ya kuchukua nakala, si kabla.

Siwezi tu kunakili folda ya Program Files?

Hapana. Programu nyingi huacha mizizi yake kwenye rejista na kwenye folda za mfumo. Utaona alama yake, utabofya, haitafunguka. Programu ama inawekwa upya, ama inahama pamoja na Windows yote.

Naweza kuendelea na Windows 7 kwenye kompyuta mpya kabisa?

Nakushauri usijaribu. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Tatizo halianzii kwenye usalama, linaanzia kwenye kibodi. Windows 7 haina draiva ya USB 3.0. Kompyuta za Intel za kuanzia kizazi cha sita zimeondoa kidhibiti cha USB cha zamani, kwa hiyo unafika kwenye skrini ya kuingia, kipanya hakisogei, kibodi imekufa, na wewe unabaki kuitazama. Kama mazabodi ina tundu la duara la PS/2, kibodi ya zamani itakuokoa. Halafu SSD za NVMe, aina ya kisasa yenye kasi zaidi, hazionekani bila kiraka maalum, na picha kwenye skrini inabaki kubwa na mbaya kwa sababu draiva yake haikutengenezwa.

Njia ninayoitumia zaidi ni kupandisha kwanza. Windows 7 ikiwa bado kwenye kompyuta yake ya zamani, na nakala ipo, naipandisha kuwa Windows 10 kwa njia inayohifadhi programu na mafaili. Inatulia siku mbili tatu, mteja anahakikisha programu zake zinafunguka, ndipo naihamisha. Windows 10 inastahimili safari hiyo vizuri zaidi.

Kuna kizingiti kimoja. Kama ni ya biti 32 itabaki biti 32 hata baada ya kupandishwa. Windows ya biti 32 inaishia kwenye RAM ya GB 4, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Kutoka 32 kwenda 64 hakuna kuhama, ni kuweka upya na kurudisha mafaili.

Nina programu ya zamani ya XP, aliyeiandika hapatikani. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake limeokoa kazi za watu wengi ambao walishaambiwa wakate tamaa.

Programu ya yule mama wa Newala ilikuwa ya namna hiyo. Ilitengenezwa kwa ajili ya Windows XP, mtengenezaji alihama, namba yake haipatikani, na diski ya kuiwekea haijulikani ilipo. Kuiweka upya kwenye Windows 11 haikuwezekana. Kuipeleka XP kwenye kompyuta mpya ilikuwa ndoto. Basi tukaichukua ile kompyuta yote ya zamani, tukaigeuza kuwa faili, na kuiweka ndani ya kompyuta mpya.

Inaitwa mashine pepe. VirtualBox ya Oracle inajenga ndani ya Windows 11 kompyuta ya kufikirika yenye vifaa vya zamani ambavyo XP inavifahamu. Ile picha ya diski niliyoichukua mwanzo niliigeuza kwa amri ya VBoxManage convertfromraw, nikaiambatisha kwenye mashine pepe upande wa IDE, si SATA, maana XP haijui AHCI na tungerudi kwenye bluu ile ile. Ilipowaka, ilitokea picha ya kilima cha kijani na anga la bluu, na alama zote za mama zikiwa mahali pake, hata faili aliloliita "USIFUTE". XP ilianza kutafuta vifaa vipya, nikaiacha ikamaliza.

Kwa kompyuta ya Windows 7 au 10 inayowaka vizuri, kuna Disk2vhd ya Sysinternals. Inatengeneza faili ya diski huku Windows yenyewe ikiendelea kufanya kazi, na VirtualBox inaifungua.

Mambo matatu usiyasahau. Kata intaneti ya mashine pepe kabisa. XP haijahudumiwa tangu tarehe 8 Aprili 2014 na haina cha kujikinga nacho. Weka folda ya pamoja kati ya mashine pepe na kompyuta mpya, ripoti zitoke hapo. Na faili la mashine pepe nalo ni faili kama mengine, kwa hiyo lichukulie nakala kila mwisho wa wiki kwenye diski ya nje. Uzuri wake ni kwamba safari ijayo ya kubadilisha kompyuta itakuwa ni kunakili faili moja. XP inaweza pia kudai leseni yake ithibitishwe upya kwa kuwa imeona vifaa vimebadilika, na leseni iliyokuja na kompyuta ya zamani ina masharti yake, nitalifikia hilo.

Tulijaribu vipi? Mama alitoa ripoti ya msimu uliopita aliyoichapisha kwenye karatasi. Akafungua ripoti ile ile kwenye mashine pepe. Akaweka rula kwenye karatasi, akawa anaishusha mstari kwa mstari, mimi nasoma skrini, yeye anasoma karatasi, mpaka jumla kuu ikalingana hadi senti. Ilituchukua asubuhi nzima. Usikubali kazi yako ikabidhiwe bila jaribio la namna hii.

Na printa yangu ya riboni?

Printa zile zinazolia, za tundu pana la LPT, bado ni farasi wazuri kwa kuchapa stakabadhi zenye nakala za kaboni. Kebo ya kubadilisha LPT kuwa USB inafanya kazi na programu za Windows. Programu ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows, haiijui USB. Hapo unaishirikisha printa kwenye mtandao wa ndani, kisha unatumia amri ya net use LPT1 kuielekeza. Kumbuka pia kwamba Windows ya biti 64 haifungui programu za biti 16 hata kidogo. Hizo zinarudi kwenye mashine pepe.

Leseni yangu ya Windows inahama nayo?

Inategemea uliipataje. Andika amri slmgr /dli, dirisha litafunguka. Likionyesha OEM, leseni hiyo ilikuja na kompyuta na inafia kwenye mazabodi ile. Likionyesha RETAIL, uliinunua peke yake na unaruhusiwa kuihamisha, mradi uache kuitumia kwenye ya zamani. Kwenye Windows 10 na 11 iunganishe kwanza na akaunti yako ya Microsoft, ndipo itakapodai uthibitisho baada ya kuhama uchague kwamba umebadilisha vifaa.

Kompyuta nyingi mpya za dukani zina leseni iliyochorwa ndani ya mazabodi tangu enzi za Windows 8. Windows uliyoihamisha ikiwa ya toleo lile lile, inajithibitisha yenyewe ikipata intaneti. Ikiwa umehamisha Pro na mazabodi ina leseni ya Home, haitakubali.

Kuna mtu kasema atanipigia Windows na kuiwasha bure kwa programu ya kwenye flashi.

Programu hizo zinaingia ndani ya mfumo kwa ruhusa ya juu kabisa na wewe hujui zimeacha nini nyuma. Nimefungua kompyuta ya ofisi ambayo nywila za barua pepe zilikuwa zinatoka nje kila siku, na chanzo kilikuwa hicho. Kompyuta inayoshika fedha za watu isiwekewe kitu cha namna hiyo. Kama bei ya leseni inakushinda, bora Linux.

Nikae Windows 10 au niende 11?

Windows 10 iliishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kwenye nyongeza ya masasisho ya usalama wanahudumiwa mpaka 13 Oktoba 2026. Kwa kompyuta mpya, nenda 11. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, kuwaka kwa UEFI (mrithi wa BIOS ya zamani), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Mimi nakwambia RAM ya GB 8, chini ya hapo utakuwa unaisubiri.

Hapo kwenye UEFI ndipo wengi wanapokwama. Windows ya zamani huwa imekaa kwenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na kompyuta nyingi mpya hazikubali tena kuwaka kwa mtindo huo. Unakloni salama, unawasha, unaambiwa hakuna mfumo. Programu ya mbr2gpt, iliyomo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703, inageuza diski bila kufuta data. Kwenye laptopu za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, flashi ya kuweka Windows inaweza isiione SSD kabisa; angalia BIOS kama VMD, mpangilio wa Intel wa kusimamia SSD, imewashwa, izime au weka draiva yake.

Kompyuta imeniomba namba 48 za BitLocker. Sijawahi kuziweka!

BitLocker ni kufuli la Windows la kufunga data ya diski. Inawezekana Windows ilijifungia yenyewe ulipoingia na akaunti ya Microsoft. Ufunguo unashikwa na ile chipu ya TPM ya mazabodi ya zamani, kwa hiyo diski ikihama inadai namba. Ingia kwenye akaunti hiyo ya Microsoft kwa simu, utazikuta. Kama kompyuta ya zamani bado inawaka, ondoa ufungaji kwanza kwa manage-bde -off C: na usubiri umalizike wote.

Natumia Linux. Maswali haya yananihusu?

Kidogo tu. Draiva nyingi zimo ndani ya kiini chake, kwa hiyo diski ya Ubuntu ukiihamisha kawaida huwaka. Angalia UUID (namba ya kuitambulisha diski) ndani ya faili la fstab kama umekloni kwa kunakili mafaili, jina jipya la kadi ya mtandao, na uweke upya GRUB, programu inayoiwasha Linux, maana kumbukumbu ya UEFI inakaa kwenye mazabodi na haihami na diski.

Nitahamisha na virusi?

Ukikloni, ndiyo, kila kitu kinahama. Kompyuta nyingi ninazopokea zimebeba kirusi kile cha kugeuza mafaili kuwa njia za mkato, kilichopatikana kwa flashi ya stesheneri. Diski ya zamani iskaniwe ikiwa imeunganishwa kama diski ya pili, kabla ya kufungua folda yoyote.

Ni wakati gani mzuri wa kufanya kazi hii?

Kwa vyama vya korosho, Machi na Aprili, kabla ya pilika za kupulizia mikorosho salfa. Mkija Septemba nitawapokea, lakini hamtakuwa na muda wa kuijaribu kabla ya mnada wa kwanza. Na kifaa kikikosekana hapa tunaagiza Kariakoo. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, nilikuwa na kompyuta mbili wazi mezani zinasubiri SSD, na wenyewe wakipiga simu kila asubuhi. Nunua vifaa vyote kwanza, vishike mkononi, ndipo ufungue ya zamani.

Sasa imewaka vizuri. Diski ya zamani niifute nimpe mwanangu?

Bado. Itoe, iweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu, andika kwa kalamu ya wino mzito ni ya kompyuta gani na imetolewa lini, ifungie kabatini. Kaa nayo msimu mzima: ununuzi, malipo, ripoti ya mwisho wa mwaka. Kuna faili ambalo linaombwa mara moja tu kwa mwaka, na siku hiyo ndiyo utajua kama lilihama. Mama wa Newala alirudi Februari kutafuta barua moja ya mkopo. Haikuwa ndani ya programu, ilikuwa kwenye folda ya akaunti ya katibu aliyemtangulia. Diski ilikuwepo. Ilichukua dakika kumi.

Msimu ukipita, usiiuze wala kuigawa ikiwa na data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina, simu na akaunti za wanachama wako ni taarifa binafsi. Kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Data inabaki pale pale. Kwa diski ya kuzunguka, fungua diskpart, chagua diski, andika clean all, iache iandike sifuri mwanzo hadi mwisho. Inaweza kuchukua saa kadhaa na haina kurudi nyuma, kwa hiyo kabla ya kubonyeza Enter andika list disk, linganisha ukubwa unaouona na ule ulioandikwa kwenye karatasi ya diski yenyewe, na chomoa diski nyingine zote za nje.